Muguu mu munkoyo

Odile mujukulu, bibi yangu ya pili kwa utani,

Jambo yako kutoka Kampemba! Bibi yangu ya kwanza, ule nilimuoa kweli, nkambo yako Marta mwenye alizaa mama yako, anakusalimia. Tuko bazima.

Umeniuliza kama mama yako aache dawa ya tension ya damu, akunywe maji ya vitunguu, juu munganga wa ile audio ya WhatsApp alisema na bantu bote banaituma. Sikia.

Nilipokuwa kijana ku mine, mwenzangu Kasongo aliumwa jino. Kwa mchezo nikamwambia: "Tia muguu mu munkoyo ya baridi, jino itanyamaza." Ile kinywaji yetu ya mahindi! Kasongo akaambia bibi yake, naye akaambia bamama ba kwaya.

Kisha mwezi moja, jino yangu ikaanza kuuma. Mama moja wa kwaya akaniambia: "Munganga mukubwa wa Ulaya anasema, tia muguu mu munkoyo." Nikaamini! Nikaingiza muguu mu beseni ya munkoyo yenye Marta alipika juu ya ubatizo ya mama yako.

Marta akanikuta. "Weye Donat! Nani alikuambia hivi?"

"Munganga wa Ulaya," nikajibu. Njo nikakumbuka: ule munganga ni miye.

Jino ilitolewa ku dispensaire. Bageni ba ubatizo balikunywa maji.

Mama yako ameze dawa yake mpaka munganga mwenye kumupima aseme. Na ule wa mu audio, tafuta kwanza nani alianza kusema. Pengine ni nkambo ya muntu, iko anacheka.

Nkambo yako, Donat