Mrihi wa Septemba

Gede,
11 Septemba 1988

Dada yangu mpendwa Nyevu,

Shikamoo, na wote wa huku wanakuamkia. Je, goti la shemeji Kaingu limepoa? Sisi tu wazima wa mwili, ingawa mke wangu Hannah anasema nitamtia ugonjwa kwa kunyamaza kwangu.

Barua yako niliipata Ijumaa. Umeandika kwamba mama hali chakula vizuri, na kwamba amejaza udongo kwenye makopo ya mafuta, akayapanga barazani na kupanda mahindi. Wapangaji wenzako wanacheka, nawe unaona haya. Ukaniuliza kama tulifanya vyema kumtoa shambani kumleta Mtwapa. Jibu nimeliandika mara tatu na kulichana mara tatu. Hili ni la nne, na sitalichana.

Yaliyopita unayajua, lakini nivumilie niyaseme. Tangu tu wadogo mama alipanda vuli kwa kuutazama mrihi wa msituni. Maua yake yakifunguka mwezi wa Oktoba na harufu ikafika njiani, yeye hufukia mbegu kwenye udongo mkavu, na kabla panya hawajazimaliza mvua huwa imeshafika. Mwaka juzi akatuambia mrihi umechanua Septemba, jambo ambalo hajapata kuliona. Alisema kipupwe siku hizi hakina baridi, na joto limeudanganya mti. Hata hivyo akapanda, kwa kuwa hakuwa na kipimo kingine. Mvua haikuja hadi Novemba, na mbegu zote zikaliwa ardhini. Mwaka jana yakawa yale yale.

Ndipo kaka Kambi alipokuita, tukakaa kikao kuamua kama mama abaki shambani. Wakati huo Bwana Musembi, mtafiti wa miti, alikuwa amenipa kazi ya kwenda msituni kila siku ya tatu na kuandika ni lini mirihi thelathini aliyoitia alama inachanua. Kambi alinitaka nisome daftari, nami nikasoma. Ua la kwanza, mwaka juzi, tarehe nne Oktoba. Mwaka jana, tarehe saba Oktoba. Mama akasema yeye maua ameyaona kwa macho yake Septemba. Kambi akamjibu kwa upole kwamba daftari halizeeki. Wewe ulilia. Mama akaenda kufunga nguo zake. Asubuhi ya safari alinipa kibuyu chake cha mbegu, akasema mrihi niutazame mimi sasa, kwa kuwa macho yangu ndiyo yanayoaminika.

Dada, daftari lile lilisema uongo, na uongo huo ni wangu.

Mwaka wa kwanza wa kazi, 1985, nilikwenda msituni kweli. Uliofuata, timu ya mpira ya Watamu ilinipa namba, na mazoezi yakaangukia saa zile zile. Nikaacha kwenda. Nilikaa kwa kinyozi pale Watamu nikanakili tarehe za 1985, nikisogeza siku mbili huku na tatu kule ili Bwana Musembi asishtuke. Mwaka jana nikarudia. Nilijiambia mrihi ni mti wa Oktoba, nani alipata kuuona ukibadili mwezi? Kwenye kikao sikujua kama mama amekosea au la. Nilichojua ni kwamba mimi sikwenda. Ningesema neno moja tu, mama angebaki kwake. Nikamwogopa Kambi, nikaogopa kufukuzwa kazi, nikanyamaza.

Baada ya kusoma habari za makopo nilishindwa kukaa, nikaenda msituni. Kati ya mirihi thelathini, kumi na tisa ilikuwa imechanua, na mingine imeshaanza kudondosha maua. Ilikuwa tarehe tisa Septemba. Nilikaa chini nikalia, mtu mzima mimi.

Bwana Musembi nimemweleza yote. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema huenda mti unafuata joto, ilhali mvua ina mambo yake, lakini hawezi kusema kwa hakika kwa sababu miaka miwili ya ushahidi nimeiharibu mimi. Akauliza kama mama bado anakumbuka siku alizoyaona maua, kwani hakuna mwingine anayezijua. Kambi naye nimemwambia jana. Hajanisemesha tangu hapo.

Nakuomba umrudishe mama. Shamba nimelilima, paa lake nimeliezeka, na kibuyu kiko pale pale, sikuthubutu kukifungua. Apande kwa mvua au kwa mrihi, atakavyoona mwenyewe. Sitasoma tena daftari mbele yake.

Ndani ya bahasha nimetia kitawi chenye maua. Yatakuwa yamekauka, ila harufu naamini itabaki. Kabla ya kumsomea lolote, mtie mkononi na umwambie tarehe niliyokichuma. Halafu msomee barua yote, na pale penye kikao usiparuke. Akikataa kuniona nikija kumpokea kituoni, nitaelewa, nitamtuma Hannah.

Msalimie shemeji na watoto. Hao wapangaji nao wasalimie, na uwaombe wasiyaguse makopo ya mama yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Masha