Mpagazi Haendi Porini

Mjomba wangu,

Shikamoo huko uliko. Huku nyumbani Kanyenye tumegombana mpaka majirani wametoka vibarazani kusikiliza, na ugomvi wenyewe ni wa paka. Cheka tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kupenda paka.

Nina wawili. Jike ni Bi Mkubwa, mtulivu, hana neno na mtu. Dume la kijivu nilimwita Mpagazi kwa sababu hajui kuingia ndani mikono mitupu: leo panya, kesho kandambili ya jirani. Ungesema huyo ni Mnyamwezi kamili, babu zake walibeba mizigo hadi pwani.

Mwaka huu akaanza kukonda. Fizi zikapauka, homa haikatiki, chakula ananusa tu na kugeuka. Nikamtia kwenye kikapu nikaenda kwa bwana mifugo. Akanitazama mimi, paka hakumgusa. "Dada, mimi natibu ng'ombe. Paka akifika hapo watu hutafuta mwingine." Weee, mjomba! Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Nikauliza huku na huku mpaka mwuza kuku mmoja akanielekeza Isevya, kwa daktari wa mifugo aliyefungua chumba chake cha kutibia. Mwanamke wa makamo, hana haraka. Alimsemesha Mpagazi kwanza, ndipo akamtoa damu na kuipima kwa kipimo alichoagiza Dar. Kisha akaniketisha. "Ana leukemia ya paka. Ni kirusi. Dawa ya kukimaliza sina, na asikudanganye mtu kwamba anayo. Lakini homa nitaishusha, fizi nitazitibu, akiishiwa maji nitamwekea dripu. Tukimtunza, anaweza kuishi vizuri." Nikamwuliza kwa muda gani. Akasema hajui. Nilimpenda kwa hilo.

Akanipa masharti. Asitoke nje. Ale nyama iliyoiva. Na Bi Mkubwa, ambaye naye nilimpeleka akapimwa akaonekana mzima, asilale naye wala kulambana naye, maana kirusi hicho hupita kwenye mate. "Na huyu mgonjwa mtengee bakuli lake."

Basi hapo nikaangua kilio. Daktari akadhani namlilia paka. Nilikuwa nakulilia wewe.

Ulirudi kutoka machimboni umekwisha, mimi bado mtoto wa shule. Ukimwi haukutajwa kwa jina humu ndani, ila mama, dada yako wa damu, alikutengea bakuli la bati, kikombe na kijiko. Sisi tunazunguka sinia moja, wewe uko uani peke yako. Hukulalamika. Uliniita, "Njoo ule na mfalme, ana vyombo vyake." Nikaja, nikachapwa. Kesho yake nikaja tena. Paka wako alikaa katikati yetu akisubiri vichwa vya dagaa, na wewe ukinimegea ugali. Hakuna aliyekupeleka hospitali. Uliachwa ufe, mjomba. Nalisema wazi, asiyetaka azibe masikio.

Na ugali wako haukumwambukiza mtu. Mpagazi kweli anaweza kumwambukiza mwenzake, kwa hiyo bakuli nimelitenga, siwezi kubisha. Lakini yeye sikumtenga. Nimemhamishia chumbani kwangu, na nikipakua chakula changu naketi sakafuni karibu naye. Dawa anapewa kwa saa yake. Siku akila vizuri naimba, siku akikataa natukana ukuta.

Jirani kaeneza mtaa mzima kwamba nafuga paka mwenye ukimwi. Nimemweleza mpaka sauti imekauka: ugonjwa huu si ukimwi, ni wa paka kwa paka, mtu haumpati. Wapi! Habari ikamfikia kaka, naye akapiga simu kwamba wanawe hawatakanyaga hapa, na kwamba anakuja na gunia kumpeleka Mpagazi porini, njia ya Urambo. Thubutu!

Alikuja kweli Ijumaa, gunia mkononi. Nikaziba mlango wa chumba changu. Nikamwambia, "Nitie mimi kwanza humo, halafu umtie yeye."

"Hivi una akili wewe? Paka tu! Tena paka wa kufa!"

"Na wewe hufi? Akifa atafia hapa, ameshiba na amefunikwa."

Akainua mkono kunisogeza. Ndipo mama akatoka chumbani kwake, anajikongoja, kanga imemporomoka begani. Mjomba, tangu tukuzike sijawahi kumsikia akikutaja. Alimshika kaka mkono, akauteremsha.

"Peleka huko gunia lako. Mdogo wangu nilimtenga humu humu ndani mpaka akafa. Huyu simtengi."

Kaka akakunja gunia lake. Akaondoka bila kuaga. Mama akaingia chumbani kwangu, akaketi sakafuni, akalitaja jina lako na kulia, na mimi nikamwacha alie.

Jumatatu tunakwenda Isevya, Mpagazi akawekewe dripu. Mama amesema anakuja nasi.

Pumzika, mjomba. Huku nipo mimi.

Mpwa wako,
mkaidi yule yule