Pole ya Bosi

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu kaniita tena. Nilidhani kiti cha magurudumu kimegoma — wapi! Eti mwanangu Bosi kamtukana mgeni wa darasa, yule msichana aliyehamia juzi. Bosi wangu! Mtindio wa ubongo umembana miguu na ulimi, neno moja linamtoka kwa jasho. Matusi kayatoa wapi?

Nikauliza kasema nini hasa. Kumbe kamwambia "pole." Basi! Lakini mgeni ana kovu la moto shavuni. Kaona anachekwa, kalia hadi kengele ya kutoka. Mwalimu akashauri Bosi akae peke yake kwanza. Peke yake! Kwani siku zote anakaa na nani?

Jumanne, 5 Machi

Nimembana asubuhi huku namvalisha soksi. Pole ya nini? Akanishangaa kama mimi ndiye mjinga. "Na... nasa... limia."

Anasalimia! Maana kweli — muuza duka, jirani, shangazi yake, nani huanza na hujambo? Wote ni pole, tena wananiangalia mimi. Mtoto kaona ndiyo salamu ya watu. Miaka tisa napewa pole, na sijapoa!

Nilicheka. Halafu nikalia, soksi mkononi. Basi la shule likapiga honi. Na soksi yenyewe ilikuwa ya mguu mmoja, nyingine haionekani.

Alhamisi, 7 Machi

Shangazi yake kaja. Hata hajavua viatu: "Pole jamani, wifi yangu." Nikamwambia hapa kwangu mtoto anaambiwa hujambo, na anaambiwa yeye mwenyewe. Kanuna. Eti siku hizi nina mdomo. Ninao!

Nilimweleza mwalimu, naye kamweleza mgeni habari ya ile pole. Mgeni kasema sawa, ila hajamsogelea Bosi. Sasa Bosi anataka kumwalika nyumbani. Nikasema nitaongea na mama yake. Kapiga meza. "Mi... mimi!" Haya, bosi ni yeye. Akikataliwa nitamfuta machozi mimi, si mwalimu.

Jumamosi, 9 Machi

Kaja! Mama yake kamwacha mlangoni, akaondoka. Nikawawekea kalamu za rangi, nikakaa. Mgeni akauliza kitu, Bosi akaanza kujibu, nikammalizia sentensi. Lo! Nimefukuzwa sebuleni kwangu mwenyewe.

Nipo jikoni, eti nachemsha chai. Naandika juu ya friji. Wanagombania kalamu nyekundu. "Ya... yangu!" Mgeni naye hakubali, anasema Bosi ana uchoyo. Mwanangu hajawahi kugombana na mtoto mwenzake, wote humwachia. Nyoyo zao nzuri zinanichosha.

Kitu kimeanguka.

Mtu analia. Kilio cha mwanangu nakijua, hiki si chake. Ee Mungu wangu, kamfanya nini mtoto wa watu? Nimeshika kitasa —

"Ma... ma! U... usije!"

Haya, nimeachia kitasa, nimerudi kwenye friji kuandika.