Kisamvu Hakina Meno

Jumatatu, 4 Novemba
Mwanangu Shamsa kaamka saa kumi na moja alfajiri. Anaota jino. Nimempakata mpaka jua likatoka, kisha nikapanda naye juu ya paa kumwagilia. Mrehani umechoka. Miche ya Nasor ndiyo inayopendeza. Mitano. Aliiotesha mwenyewe kwenye vikombe vya karatasi, mbegu kapewa na rafiki yake wa kazini. Kisamvu, kasema. Mwaka wa tatu huu nimeolewa, sijapata kumuona mume wangu akipanda hata kitunguu.

Alitaka kuitia pipani moja kwa moja. Nimemcheka. Mama alinifunza: mche usiuvishe kanzu ya kaka yake. Chungu kikizidi, maji yanatuama, mizizi inaoza. Nimeitia kwenye makopo ya mtindi, nimeyatoboa chini kwa msumari wa moto.

Alhamisi, 14 Novemba
Mizizi imechungulia matunduni. Ndoo sasa. Nasor kanunua nyeusi, nimemrudisha dukani. Nyeusi kwa jua la huku inapika mizizi. Kaja na nyeupe, za kiasi. Nimeihamisha mwenyewe, Shamsa analia mkekani. Mgongo hauna hali. Nasor kasema nna mkono wa baraka. Hanisifu mara kwa mara, basi nimeona raha siku nzima.

Kaniomba nisimuoneshe jirani. Hasad, kasema, jicho baya. Nimeona kweli.

Ijumaa, 22 Novemba
Nimepata aibu ambayo sijui nitaiweka wapi.

Chakula cha mchana kwa Mama, mtaa wa Hail, kama kila Ijumaa. Nilichuma majani, mfuko mdogo. Nilitaka tuyatwange, tuyapike kwa nazi, Mama afurahi. Nimeyamwaga kwenye sinia mbele ya shangazi na dada zangu. Najivuna.

Mama kachukua jani moja. Kalipitishia kidole ukingoni, kwenye meno yake. Kawaambia wenziwe haya yamekomaa sana, hayapikiki, kayarudisha mfukoni. Kisha kaniita jikoni, kafungua bomba la maji ili wasisikie.

"Kisamvu hakina meno, Zuwena. Nani kapanda bangi kwako?"

Kayamwagia maji ya moto, kayasaga kwa mkono, kayafukia takani chini ya magamba ya samaki. Mama yangu, na magoti yake yale mabovu. Kisha katoka kuwapakulia watu pilau. Nimekula. Sijui nimekula nini.

Jumamosi, 23 Novemba
Asubuhi nimepanda juu nikaimwagilia. Mazoea. Ndoo ya tatu ndiyo nikakumbuka. Nikamalizia na ya nne na ya tano.

Siandiki hili kwa raha. Nimejua, na nimemwagilia.

Jumatatu, 25 Novemba
Sijamwambia Nasor kitu. Kila gari likisimama chini nachungulia dirishani. Namtazama Shamsa, nafikiri polisi wakija watamkabidhi nani. Napika, nafua. Mama hajapiga simu. Yeye hupiga kila siku.

Jumanne, 26 Novemba
Nimemwambia. Kwanza kakana. Kisha kasema ni ya kwake tu, apate usingizi, hamuuzii mtu. Kasema kisamvu alitamka kwa mzaha, mie mwenyewe ndiye niliyelishika kama kweli. Hapo nimeona uso unaniungua, maana ni kweli nusu yake.

Sikupiga kelele, mtoto kalala. Nimemwambia:

"Wewe utafungwa, na mie ntaulizwa nani kachagua ndoo. Ntasema nini? Mie. Panda uing'oe, nakuona."

Kaing'oa. Nimesimama mlangoni, mikono kifuani. Mizizi imetoka myeupe, mizuri, imeshika umbo la ndoo, hakuna hata mmoja uliooza. Na mie, Mungu anisamehe, kwa nukta moja nimejisikia fahari.

Tumeikatakata, tumeilowesha kwenye klorini. Nasor kalia. Nimemshika kichwa. Nimemwambia usingizi tutautafutia daktari, na ikiwa atarudia nachukua mtoto naondoka. Yote mawili nimeyasema kwa dhati.

Ijumaa, 6 Disemba
Leo nimerudi kwa Mama. Wiki iliyopita nilisingizia homa. Hakuuliza. Nimemwambia tu hakuna tena, kaitikia kwa kichwa, kaendelea kukuna nazi. Wakati wa kuondoka kanitilia kitu mkobani. Kijiti cha muhogo, kimeviringishwa gazeti bichi.

Nimekaa nacho juu ya paa mpaka alasiri. Shamsa ana meno mawili sasa, anatafuna mpini wa koleo. Ndoo nimezisugua, nne nimetupa, moja nimebakisha. Nimekididimiza humo.

Muhogo haupitii kikombeni wala kwenye kopo la mtindi. Haupandwi kwa mbegu. Unachomeka kijiti penye nafasi, basi. Nimemuona Mama akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo kuliko ndoo yenyewe.

Nilikuwa nalijua hili hata siku ya mbegu za Nasor.