Picha ya Atieno Getini

Dada Wakesho,

Hamjambo huko Wundanyi? Goti la Mama limepona, au bado anapanda mlima huku anagombana nalo? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Ukiniuliza zaidi ya hapo, sina.

Bado nasimamia mafundi wa sare za shule hapa Otonglo. Juzijuzi tajiri wetu mwenye karakana alirudi kutoka semina Nairobi na mambo mapya. Mafundi tuwagawe mafungu matatu: wepesi wasifiwe, wa katikati wasukumwe, na atakayekuwa wa mwisho kabisa mwezi ukiisha aende nyumbani. Mwepesi kuliko wote alikuwa Atieno, mama wa Kisian, anayeshona kola huku anapiga domo na bado anawaacha wenzake mbali. Basi akapigwa picha, ikatiwa kwenye fremu kubwa, nikaitundika getini upande wa barabara. Maua ya plastiki niliongeza mwenyewe, nikidhani yatapendeza.

Dada, picha ya namna hiyo huku ni ya matanga. Majirani zake walipita wakitoka sokoni, wakaiona, na jioni wakafika kwake wanalia. Alitoka nje mwenyewe, mikono imejaa povu la sabuni. Mmoja alitimua mbio.

Asubuhi Atieno akanijia. "Bwana supavaiza, toa hiyo kitu. Watu wananiuliza nilizikwa wapi."

"Ni heshima, Mama."

"Heshima gani? Yawa! Hata mama mkwe anakataa kula chakula yangu."

Maua niliyatoa. Picha yenyewe tajiri alikataa iondolewe, eti fundi bora lazima aonekane. Kwa hiyo Atieno akaamua asiwe bora. Alishona kola, akaifumua, akaanza upya. Nilimwambia anajitafutia balaa, watoto watakula nini? Akasema picha ikishuka, atarudi kuwa Atieno. Haikushuka. Mwezi ulipoisha, wa mwisho alikuwa yeye.

Nilimweleza tajiri kila kitu. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema sheria ni sheria. Atieno alikunja aproni yake, akaomba picha. Nikamteremshia. Aliibana kwapani, sura imeelekea ndani, akavuka barabara. Nilidhani nitakasirika, au hata nitalia. Wapi! Nilirudi ndani nikajaribu cherehani yake kuona kama iko sawa. Iko sawa.

Nisalimie shemeji na mapacha wako. Mjomba fundi viatu mwambie buti alizonishonea bado ziko imara.

Jana tajiri alisema mafundi siku hizi wanajikaza, hakuna anayepiga domo, kwa hiyo msimamizi bora ni mimi. Nilipigwa picha. Niliambiwa nicheke, nikacheka. Sasa iko getini, kwenye msumari uleule. Nakala yake nimeiweka humu ndani ya bahasha. Kabla hujamwonyesha Mama, mwambie kwanza mimi ni mzima.

Ndugu yako,
Mwakio