Chui Haitoki Luberizi

Alhamisi

Na tena Papa njo aliniomba nimusomee. Mimi sikumwita.

Nilimusomea mwanzo wa roman yangu, kitabu yenye niko naandika, pale Amani, mwanafunzi wa internat, masomo ya kulala, anageuka chui mbele ya Neema, musichana mwenye anamupenda. Nilizani atasema ni uchawi, ao atauliza kama ni hii njo ninafanya pahali pa kusoma.

Hapana. Alisikiliza mupaka mwisho, akakunja mikono.

"Huyu kijana iko wa wapi?"

"Wa Luberizi, Papa. Bazazi bake banalima muchele."

"Basi haiwezekane. Ngozi ya chui ni ya mwami, mufalme peke yake. Mutoto wa muchele ataivaa na ruhusa ya nani? Umugeuze mbwa."

Mbwa. Nikamueleza kama ni kitabu ya mapenzi, kama hakuna musichana mwenye atafungulia mbwa dirisha usiku na moyo kumupiga. Akajibu kama mbwa iko na heshima, inalinda nyumba. Maman alicheka mupaka sombe, mboga yake, ikaungua ku moto.

Sikula. Niko nakasirika mupaka sasa, na haiko sababu ya kitabu.

Mutu kugeuka munyama, hiyo Papa aliikubali bila shida. Kutoka Luberizi njo kulimushinda.

Na siku ya Mungu, kiisha misa, Elias wangu anakuja hapa kwetu Nguba kumusalimia Papa mara ya kwanza. Ameshaniambia, na furaha yote, kama atabeba gunia ya muchele ya shamba ya kwabo.