Rosenda, Walikwambia Usile Chochote

Mwaka umetimia, Rosenda, tangu uanguke kwenye ngazi za hospitali ukiwa na sketi yako ya Jumapili, na bado tuna hasira. Padre alituomba tangazo hili la kumbukumbu yako liwe la upole. Atusamehe.

Mji wetu mzima wa Loja ulijua una kifafa, maana hukukificha. Ulifunga tamale zako za unga wa mahindi kwenye majani mapana ya achira, ukaziuza kwenye kona ya San Sebastián, na mteja akikuonea huruma ulimuuliza, "We umekuja kununua au kuniombea?"

Wakaja watafiti. Walitaka kupima antioksidanti, ile kinga inayolinda ubongo usiungue kila kifafa kinaposhika. Hawachani wala hawachomi, unalala tu ndani ya mashine inayopiga picha ya ubongo. Ulifurahi mno! "Wakijua kinga inaishia wapi, Hólger, Vinicio wetu atapata dawa ya maana," ulimwambia mumeo. Mdogo wako huyo anaumwa ugonjwa huohuo, na ulikwenda kwa ajili yake.

Kijana wa hospitali alikupigia simu uje bila kula chochote. Na sisi watu wa huku tukiambiwa tufunge kwa ajili ya kipimo, tunafunga kweli: si mkate, si horchata, chai yetu ya majani. Wewe ukaacha na vidonge, wakukute msafi, kama unavyodeki nyumba kabla ya wageni.

"Na dawa, binti yangu?" mama alikuuliza.

"Chochote ni chochote, mama."

Kifafa kilikushika ngazini; hukuifikia mashine, wala hukurudi nyumbani ukiwa hai. Daktari akatuambia, "Lakini kila mtu anajua dawa za kifafa haziachwi." Kila mtu nani? Wewe nani alikwambia? Maneno hayo yanatuuma hadi leo. Na wewe pia umetuudhi, Rosenda! Mbishi wa soko zima, swali moja tu likakushinda?

Wiki iliyopita Vinicio akasema anakwenda kupimwa. Mama alimfichia viatu. Akaenda na kandambili, akameza vidonge mbele ya kijana yuleyule, akamwambia, "Umeona? Sasa kila unayempigia, mwambie ameze kama mimi." Ndipo akalala kwenye mashine.

Juzi wamempigia Nelly, binti wa fundi viatu, mgonjwa kama wewe. Tulikuwa naye, tukasikia wenyewe: "Usile chochote, dada. Lakini dawa zako meza kama kawaida." Mama alitoka nje akalia.

Hatujakusahau, wala hatutakusahau: mama yako Balbina, mumeo Hólger, na Vinicio, anayemeza dawa zake kila siku.